Moja Kabla ya Chai

Marahaba, vijana. Nawajibu kwa mkupuo kwa sababu mnapita mbio, na kabla sijafungua mdomo mmeshafika kwa fundi baiskeli. Ninyi mnaokimbia asubuhi hapa Kiseke, wenye viatu vinavyong'aa na waya masikioni, najua mnanicheka. Mnamwona mzee wa kaptula na sweta la kijani amesimama uani, anairushia kamba nguzo ya chuma iliyochimbiwa katikati ya mawe. Anarusha mara moja tu. Ikinasa, anacheka peke yake. Ikikosa, anacheka pia. Kisha anaikunja kamba yake na kuingia ndani kunywa chai. Mmoja wenu aliwahi kumuuliza jirani yangu kama nina matatizo ya kichwa. Jirani akajibu kwamba hana uhakika.

Mimi nami nawaangalia. Mwezi wa kwanza mlipita kundi zima, vumbi linatimka mpaka nikafunga dirisha. Siku hizi mmebaki watatu, na mmoja wenu anatembea. Sijasema kitu. Leo nasema, na nina sababu ya kusema leo.

Mwaka jana mke wangu Perpetua, ambaye ninyi mnamwita Bibi Mayai, alipigwa na kiharusi. Mguu wake mmoja ukawa mzito, na mkono wa kulia ukalala kabisa. Tangu siku hiyo nina swali moja tu maishani, kama ule mkono utaamka. Kamba mnayoicheka imo ndani ya habari hiyo. Ila siwezi kuanzia hapo, maana hamtaelewa kwa nini watu wazima wawili wagombanie kamba.

Nilikuwa baharia wa kivuko, pale kati ya Kigongo na Busisi, enzi hizo bila daraja. Neno baharia lisiwatishe. Mama yangu alipolisikia alilia siku nzima, akijua mwanawe anakwenda nchi za watu. Kumbe safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda ng'ambo na kurudi, na nikiwa huko ng'ambo niliweza kuiona baiskeli yangu nilipoiegesha. Kazi ilikuwa kupanga magari yaenee, kuwatoa mbuzi chini ya mabasi, kumtuliza ng'ombe dume aliyegoma kushuka, na kumweleza bwana mkubwa mwenye gari jipya kwamba ndiyo, atakaa nyuma ya lori la dagaa, na hapana, harufu haiwezi kuhamishwa.

Na kamba. Mchana wa kawaida kivuko kilishusha mlango wake kwenye zege, injini ikakishikilia, watu wakashuka. Kamba ilikuwa ya siku za upepo, na ya jioni tulipokilaza kivuko. Unasimama ukingoni, unarusha, na kitanzi cha kamba kinatakiwa kiangukie kwenye nguzo ya chuma iliyo gatini. Ukikosa, kivuko kinaanza kusukumwa pembeni, nahodha anapiga honi, na abiria mia na kitu wanakuwa walimu wako wote kwa mpigo.

Mara yangu ya kwanza kurusha ilikuwa siku ya upepo, mbele ya basi lililojaa. Nilikuwa nimetoka kuchunga ng'ombe za baba, nina kifua na sina akili. Nikazungusha mkono kwa nguvu zangu zote. Kamba ikapanda juu, ikafikiri kidogo, kisha ikashuka ndani ya beseni la mayai ya kuchemsha lililokuwa kichwani kwa msichana mmoja aliyesimama gatini. Mayai yakateremka kwenye zege moja baada ya jingine, yakaingia ziwani kwa utaratibu mzuri kabisa. Basi zima lilishangilia.

Msichana hakulia wala hakunitukana. Aliyasindikiza mayai kwa macho mpaka la mwisho likazama, akanigeukia.

"Kaka, wewe ulikuwa unalenga nini?"

Huyo ndiye Perpetua.

Mkubwa wetu wa sitaha alikuwa Mzee Magesa, Mjita wa kule Mara, mfupi, mwenye kofia ya sufu juani na kwenye mvua. Mimi Msukuma na yeye Mjita, tukianza kuzungumza r na l zilikuwa zinabadilishana viti. Sikuwahi kumwona akikimbia. Alirusha kamba huku anakuhadithia habari za shamba lake la mihogo, bila kukatisha sentensi, na kitanzi kinakaa kwenye nguzo. Jioni ile nilijua ananifukuza. Badala yake aliniita kando na kuniambia kwamba kuanzia kesho nitarusha kamba moja kabla ya chai.

"Na nikikosa?" nikamuuliza.

"Unakunja."

"Na nikipata?"

"Unakunja, Masanja. Halafu unakunywa chai."

Basi. Hilo ndilo lilikuwa somo lote. Moja kila siku kabla ya kitu chochote kuingia mdomoni, iwe shwari au mvua, iwe Jumapili au siku ya kazi. Ya pili hairuhusiwi. Nilipomwomba nirudie alinyoosha kidole kwenye birika.

Sasa niwape ufundi wenyewe, maana hamtaupata kwenye simu zenu. Kwanza, kurusha si kazi ya mkono. Ni kazi ya mguu, unapiga hatua moja mbele na mkono unafuata. Pili, lowesha ncha ya kamba, kamba kavu ni nyepesi na upepo unaichezea. Tatu, usiitazame kamba, itazame nguzo. Kamba inajua njia, wewe ndiye hujui. Lakini kubwa kuliko yote ni kukunja. Watu wanadhani kamba inakosa pale inaporushwa. Inakosa jana yake, ilipokunjwa hovyo. Mizunguko ikiwa sawa, yote kuelekea upande mmoja, kamba inafunguka yenyewe hewani. Ukiikunja kwa hasira, kesho inakurudishia hasira yako usoni. Nimepigwa na kamba yangu mwenyewe mara nyingi kuliko ninavyopenda kuwaambia.

Perpetua alifika gatini kila asubuhi na beseni lake kabla hatujaanza safari. Siku ya pili tu akaniuliza, "Umepata?"

"Sijapata."

"Basi nunua yai."

Ikawa ndiyo salamu yetu. Umepata? Sijapata. Basi nunua yai. Nilikula mayai mpaka wenzangu wakaniita Kenge, na jina likanishika vizuri kiasi kwamba kuna madereva wa malori ambao hadi leo hawajui naitwa nani. Wengine walifikiri nakosa makusudi. Ningependa kusema hivyo, lakini nilikuwa nakosa kwa juhudi zangu zote.

Kuna wakati nikaona mzee ananichelewesha. Kivuko kilikuwa kimesimama kwa matengenezo, Mzee Magesa kaenda kwao, na mimi nikabaki na nguzo peke yetu. Nikasema leo ndiyo leo, nalipia siku zote zilizopita na zinazokuja. Nilirusha tangu mchana mpaka ng'ombe wanarudi nyumbani. Mwishoni nilikuwa nanasa vizuri tu, najipigia makofi mwenyewe. Kesho yake mkono ulikuwa mgumu kama mwiko. Sikuweza kujikuna. Mzee Magesa akarudi, akanitazama nikijaribu kuinua kikombe kwa mkono wa kushoto, akaelewa.

"Jana umekula ugali wa mwezi mzima," akasema. "Leo hutakula?"

Akanipeleka gatini hivyo hivyo nikarushe. Kamba iliangukia miguuni pangu mwenyewe. Nikaikunja, nikanywa chai kwa mrija.

Halafu ikaja asubuhi moja ya ukungu, ziwa halionekani, nguzo yenyewe ninaiona kwa kukisia. Nikapiga hatua, nikarusha huku nawaza mambo mengine kabisa, nikasikia kishindo kidogo cha kamba kwenye chuma. Nikasogea. Kitanzi kimekaa kwenye nguzo, kimetulia, kama vile kimezaliwa pale. Nilipiga kelele nikageuka nipate shahidi. Hakuna mtu. Nahodha hajafika. Perpetua siku hiyo alikuwa mnadani. Mzee Magesa alikuwa ameinama ziwani ananawa uso, na aliponyanyuka kamba ilikuwa tayari kwenye nguzo.

"Mzee, umeona? Nimepata!"

Akajifuta maji taratibu, akavaa kofia yake.

"Naiona kamba iko kwenye nguzo," akasema. "Aliyeiweka simjui. Kunja, kesho ulushe nione."

Kesho yake nikakosa, bila shaka. Perpetua akacheka mpaka akaketi chini na beseni lake. Keshokutwa nikakosa. Lakini mkono ulikuwa umeshaonja, na taratibu, bila mtu kutangaza, siku za kupata zikawa nyingi kuliko za kukosa. Sijui ni lini hasa. Hiyo ndiyo shida ya mambo haya, hakuna siku moja unayoweza kuiwekea bendera.

Nilipokwenda kumposa Perpetua, baba yake aliuliza kama ndiye yule wa mayai. Ndugu zangu wakakiri kwamba ndiye. Mzee akasema basi kijana anajulikana, akaagiza maji ya kunawa.

Asubuhi ya harusi nilikuwa Busisi kwa shangazi yangu, nimeshavaa suti ya kuazima, msimamizi wangu ananipiga brashi mabegani. Wanawake wakaleta chai. Nikakishika kikombe nikakirudisha. Sikuwa nimerusha. Msimamizi akaniambia kwamba nimerogwa, lakini alinifuata mpaka gatini akiwa na mwavuli. Nikapiga hatua, nikarusha, kitanzi kikakaa. Koti nalo likapasuka kwapani kwa sauti ambayo mbuzi waligeuka kuitazama. Kwenye picha zote za harusi yetu mtaniona nimebana mkono ubavuni kama mtu aliyeficha kipima joto. Na pale mbele ya padri, nikimvisha Perpetua pete, aliinamisha kichwa akanong'ona, "Umepata?" Nikamnong'oneza kwamba nimepata, ila koti limekufa. Padri alilazimika kusubiri bibi harusi amalize kucheka.

Miaka ikaenda hivyo. Mzee Magesa akarudi Mara kwenye mihogo yake. Vikaja vivuko vikubwa zaidi, makoti ya kujiokolea, redio za mkononi, vijana waliosomea ubaharia hasa, tena wazuri. Mimi nikawa ndiye mzee wa kofia. Sasa lipo daraja, na gari linavuka kabla abiria hajamaliza kumenya yai. Nimelivuka mara nyingi na kila mara nafurahi kama mtoto, naangalia chini nione lile gati. Kitu pekee nilichobeba nilipostaafu ni kipande cha kamba chakavu. Nikachimbia bomba la chuma hapa Kiseke, na Perpetua akawa anaegemea dirishani kila asubuhi. Umepata? Nimepata. Basi njoo ule yai.

Mpaka huo mwaka jana.

Aliporudi kutoka hospitali hakuuliza tena. Nilirusha asubuhi ya kwanza, nikanasa, nikageuka dirishani. Alikuwa ameketi pale pale, anatazama kwingine. Niliogopa, vijana. Nimewahi kukutana na upepo katikati ya maji na ng'ombe wamepanda juu ya magari, sikuogopa vile.

Dada wa mazoezi ya viungo alitupa mpira laini wa kuminya, akasema kidogo kidogo kila siku, na atembee. Mimi, kwa akili zangu zote za Busisi, nikataka mkono uamke wiki hiyo hiyo. Nikamsimamia Perpetua aminye asubuhi, aminye mchana, aminye akila. Siku ya tatu aliuchukua mpira kwa mkono wa kushoto akanitupia, ukanipata katikati ya paji la uso. Shabaha nzuri sana.

"Baba Neema, mimi si kamba yako," akaniambia.

Nikatoka nje nikaketi kwenye jiwe. Nikakumbuka kofia ya Mzee Magesa na ule ugali wake wa mwezi mzima. Yaani nilirudia kosa lile lile, safari hii kwa mkono wa mtu mwingine. Hapo nikacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu hospitali, na nilipomaliza kucheka nilikuwa na mpango.

Asubuhi iliyofuata nilirusha nikanasa, kisha nikashika kiuno na kuingia ndani. Kamba nikaiacha imening'inia. Perpetua ninamjua, hawezi kuvumilia kitu kikae ovyo uani. Kufikia saa nne alikuwa ananiuliza kama nimeamua tuishi gereji. Nikasema mgongo umekataa, sifiki pale kwenye nguzo. Akatazama kamba. Akanitazama mimi. Alijua nadanganya, mimi sijawahi kuumwa mgongo. Lakini akashika ukuta, akauburuta mguu wake, akafika kwenye nguzo, akakinyanyua kitanzi kwa mkono wa kushoto huku ananitukana kwa upole. Nikamshukuru. Sikumwomba kitu kingine. Kesho yake mgongo ukakataa tena.

Huo mgongo wangu uliumwa masika yote. Perpetua akawa anaitoa kamba kabla ya chai, moja tu, na nilikuwa mkali kuhusu hilo. Akitaka kuzunguka ua, nasema chai inapoa. Baadaye nikamwambia akitoa kamba kwa kushoto, mkono wa kulia uiguse tu, uisalimie. Ukaigusa. Siku nyingi ulikuwa unagusa na kuanguka, unagusa na kuanguka, mpaka yeye mwenyewe akaacha kuutazama. Halafu asubuhi moja nilikuwa najaza birika nikamwona anarudi na kamba, na vile vidole vya kulia vimejikunja kuishika. Niliendelea kumimina maji na yakamwagika sakafuni yote.

Kukunja kulichukua muda zaidi. Mizunguko yake ya kwanza ilikuwa aibu, na nilimwambia hivyo, naye akaniambia nikale mayai. Kisha akadai zamu ya kurusha, kwa haki kabisa, kwamba amechoka kuokota kamba za watu. Alirusha ya kwanza kwa mkono ule uliokuwa umelala. Kamba ilikwenda hatua mbili ikamwangukia jogoo wa jirani, ambaye hajarudi uani kwetu tangu hapo. Mimi nilikuwa dirishani. Nilikuwa nimeisubiri nafasi hiyo tangu nikiwa kijana.

"Umepata?"

Akauburuta mguu hadi kwenye nguzo, akaishika.

"Sijapata," akasema.

"Basi njoo ule yai."

Alicheka akiwa ameshikilia nguzo. Nami nikarudi jikoni nikalia kidogo juu ya sufuria, machozi ya kawaida tu ya mzee mwenye raha.

Tangu hapo sisi ni wawili. Yeye anarusha yake, nami yangu, kisha chai. Anakosa kila siku. Jogoo, kamba ya nguo, ndoo, kofia yangu, vyote vimepatwa isipokuwa nguzo.

Leo asubuhi nilikuwa jikoni nachemsha mayai. Ninyi watatu mlikuwa mmeshapita. Nikasikia kishindo kidogo cha kamba kwenye chuma, sauti ambayo siwezi kuisahau hata nikizeeka mara mbili. Nikatoka na kijiko mkononi. Kitanzi kilikuwa kwenye nguzo, kimetulia. Perpetua amesimama hatua kadhaa nyuma yake, mkono wa kulia bado uko hewani, uso mzima unawaka.

"Nimepata!" akasema. "Baba Neema, umeona? Nimepata!"

Nilitamani kuruka. Nilitamani kuwakimbilia barabarani na kuwarudisha. Lakini nikajifuta mikono taratibu kwenye sweta.

"Naiona kamba iko kwenye nguzo," nikamwambia. "Aliyeiweka simjui."

Alifungua mdomo anitukane, halafu akakumbuka maneno hayo ni ya nani. Alicheka mpaka ikabidi nimpelekee kiti, na jirani akachungulia juu ya ukuta. Alipotulia hakukaa. Alikwenda mwenyewe hadi kwenye nguzo, akaitoa kamba, akaanza kuikunja kwa ajili ya kesho, kwa mkono wa kulia, mizunguko yote kuelekea upande mmoja.